Mlalo au wima, mlango au dirisha: kuchagua fremu kabla ya kuwasha kamera

Video yoyote ina fremu mbili za kuamuliwa. Ya kwanza ni umbo la picha yenyewe: pana, ndefu ya kwenda juu, au iliyokaribia mraba. Ya pili huipati kwenye kamera bali kwenye mandhari: mlango, dirisha, tao, upenyo kati ya nguzo mbili, mahali pa kumweka mhusika ili jicho la mtazamaji lisitangetange. Ya kwanza wengi huiamua kwa mazoea, jinsi simu ilivyoshikwa, na ya pili huachiwa bahati. Ndipo unapopata mlango wa nakshi wa Zanzibar uliokatwa kichwa, au mama aliyekaa dirishani akageuka kivuli cheusi kisicho na uso. Hapa tunazilinganisha kwa pamoja, maana mlango unaojaa vizuri kwenye fremu ya wima unaweza kupotea kabisa kwenye fremu pana ya sinema.

Maumbo manne

16:9 (upana 16 kwa kimo 9) ndilo umbo la runinga za kisasa. Ukimpelekea mtu wa kituo cha televisheni, mwenye kibanda umiza au YouTube, hakuna atakayeuliza swali. Pikseli zake ni 1920 × 1080, au 3840 × 2160 kwa 4K. Kama hujui kazi itaishia wapi, chagua hili na uendelee na mengine.

9:16 ni simu iliyosimama. Anayelidharau afanye hesabu hii: video ya 16:9 ikifunguliwa kwenye simu iliyoshikwa wima yenye skrini ya 1080 × 1920, picha inabaki na 1080 × 608. Hiyo haifiki theluthi moja ya skrini. Video pana ya 2.39 inabaki na kimo cha pikseli 452, chini ya robo. Watazamaji wa TikTok na status za WhatsApp hawageuzi simu. Kwao fremu pana ni picha ndogo tu. Ubaya wa wima ni kwamba watu wawili wanaozungumza hawakai bega kwa bega bila kubanwa. Itakubidi umpange mmoja mbele na mwingine nyuma, au mmoja akae na mwingine asimame. Tena maandishi na vitufe vya programu hufunika sehemu ya chini na ukingo wa kulia, kwa hiyo mikono inayofanya kazi (kusuka, kukanda unga, kufungua nati) iwekwe katikati au juu kidogo, isiwe miguuni pa picha.

2.39:1 ni fremu ya sinema pana. Ilitokana na ushindani: runinga zilipoingia majumbani Marekani, Hollywood ilileta CinemaScope, mfumo wa filamu pana, mwaka 1953 ili kumpa mtu sababu ya kutoka nyumbani. Leo sinema za kidijitali hupokea nakala za aina mbili, 1998 × 1080 na 2048 × 858, na hiyo ya pili ndiyo pana. Inafaa bahari, barabara, mstari wa watu, na mtu aliye peke yake kwenye nafasi kubwa tupu. Haifai chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu. Ukutani kuna nini cha kujaza upande wote wa kushoto? Kosa linalojirudia ni kupiga 16:9 kisha kubandika mistari myeusi juu na chini wakati wa kuhariri. Mistari hiyo hula pikseli 138 kila upande, na kwa kuwa aliyepiga hakuiwazia, huondoka na paji la uso na kidevu. Kama ni lazima, washa mistari ya mwongozo kwenye kamera siku ya kupiga, na ukitoa faili ilitoe kwa 1920 × 804 bila kuoka mistari ndani ya picha. Simu nyingi za sasa zina skrini ndefu kuliko 16:9. Mistari iliyookwa huwafanya wenye simu hizo waone weusi pande zote nne.

4:3 imesahauliwa bila haki. Filamu nyingi za mwanzo zilikuwa karibu na umbo hili, na mwaka 1932 Hollywood ikalisawazisha kuwa 1.37:1. Mwongozaji Yasujirō Ozu wa Japani hakuliacha hadi filamu yake ya mwisho ya mwaka 1962, ilhali wenzake walikwishahamia fremu pana. Ukitazama alivyopiga vyumba vyenye milango ya kuteleza, mmoja nyuma ya mwingine, unaona sababu: fremu iliyokaribia mraba inaacha mlango uwe mkubwa. Kwa mahojiano ya mtu mmoja, kwa chumba kidogo, kwa uso, 4:3 ni bora kuliko 16:9, na tunasema hivyo tukijua baadhi ya wateja watauliza kwa nini kuna weusi pembeni (pikseli 240 kila upande kwenye runinga). Jambo moja tu halina msamaha, nalo ni kuivuta kanda ya zamani ya 4:3 ili ijaze runinga. Nyuso zinanenepa kwa theluthi moja, na marehemu wa watu wanaonekana vituko.

Mlango na dirisha ndani ya kila fremu

Chukua mlango wa kawaida wa nyumba, mita 0.9 kwa 2.1, na dirisha la alumini la mita 1.5 kwa 1.2. Ukisogea mpaka kitu hicho kijaze kimo cha picha, kinachukua sehemu hii ya upana:

| Fremu | Mlango | Dirisha |
|---|---|---|
| 9:16 | 76% | linajaza upana wote, kimo 45% tu |
| 4:3 | 32% | 94% |
| 16:9 | 24% | 70% |
| 2.39:1 | 18% | 52% |

Jedwali hili linaamua mengi. Mlango na simu ya wima ni ndugu: robo tatu ya picha ni mlango, na robo iliyobaki ni ukuta na miimo. Kwenye 2.39 mlango huohuo ni ufa mwembamba, asilimia 82 ya picha ni ukuta. Hilo si kosa ikiwa unataka mtu aonekane amemezwa na nyumba. Ila kama unataka tumwone anavyofuta machozi, umechagua vibaya. Dirisha la alumini linakaa kwenye 4:3 kana kwamba lilikatwa kwa ajili yake, na kwenye wima linaelea katikati, chini yake ukuta mtupu. Ukuta huo upe kazi: mtu akae chini ya dirisha, au benchi liwepo.

Umbali nao unabadilika. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 26 hivi kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 × 24). Ili mlango wote uingie na nafasi kidogo juu na chini, tuseme kimo cha mita 2.4, ukipiga mlalo unahitaji kurudi nyuma mita 3.1. Ukipiga wima inatosha mita 1.75. Ongeza kidogo, kwa kuwa simu hukata kingo ili kutuliza mtikisiko. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe tofauti hiyo ndiyo yote: huwezi kurudi nyuma mita tatu kama ukuta wa jirani uko nyuma ya mgongo wako. Kishawishi hapo ni kubonyeza 0.5x, lenzi pana zaidi ya simu. Lenzi hiyo hupinda mistari iliyonyooka ya pembeni, na mlango ni mistari mitupu. Ni heri upige wima kwa 1x, au uchague sehemu ya mlango badala ya mlango wote.

Miimo isilale. Weka kamera kwenye kimo cha katikati ya mlango, mita 1 hadi 1.2 kutoka chini, sambamba na ukuta, bila kuiinamisha wala kuiinua. Ukiipiga kutoka usawa wa macho ukainamisha kidogo, miimo inakaribiana kuelekea chini na nyumba inaonekana imepinda. Kama unataka kuonyesha kutotulia, pindisha sana ili ijulikane umekusudia. Kupinda kwa nyuzi mbili tatu huonekana uzembe tu.

Je, mlango na mtu wote waonekane wazi bila ukungu? Kwa fremu kamili, lenzi ya milimita 24 kwenye f/8 (tundu dogo la lenzi) ikilengwa mita 2.4 inashika kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi mwisho wa macho. Lenzi ya 35 kwenye f/8 ikilengwa mita 5.1 inaanzia mita 2.5. Ndani ya nyumba f/8 inadai mwanga mwingi au ISO kubwa (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kwa hiyo mara nyingi utachagua mmoja. Chagua mtu, na miimo iwe laini kidogo.

Ndani ukitazama nje, au nje ukitazama ndani

Kwa mtunga hadithi hili ndilo chaguo zito kuliko yote, na kanuni yake inajulikana na kila aliyewahi kuchungulia: aliye gizani humwona aliye kwenye mwanga, wala haonwi. Mchana, aliye ndani anaona barabara yote na wapita njia hawamwoni. Usiku taa ikiwaka, mambo yanageuka. Nyumba za pwani zimejengwa kwa kanuni hiyo, madirisha ya mbao yenye vibao vya kuinamishwa na roshani za kimia zikimpa wa ndani uhuru wa kuona bila kuonekana. Basi kamera ikiwa ndani mchana, tuko upande wa mhusika na siri yake. Kamera ikiwa nje usiku, sisi ndio wachunguliaji. Amua unataka mtazamaji awe nani.

Kwa ufundi, ndani kutazama nje kuna tatizo la mwanga. Jua la nje na chumba cha kawaida hutofautiana kwa stopu 8 hadi 10 (kila stopu ni mwanga maradufu). Video ya kawaida ya simu haibebi tofauti hiyo. Una njia nne.

Ya kwanza ni kukubali giza: pima mwanga wa nje, mtu awe kivuli. Mfano unaotajwa sana ni filamu ya The Searchers ya mwongozaji John Ford, 1956, inayofunguka na kufungwa kwa mlango mweusi wenye jangwa katikati. Kivuli kinasomeka kama umbo linasomeka. Mtu akae ubavu, mikono iachane na mwili, ushungi au kofia isimeze shingo.

Ya pili ni kungoja. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na mwangaza wa baada ya magharibi hudumu kama dakika 20. Humo ndani ya dakika hizo kuna kipindi kifupi ambapo nje na ndani vinalingana, na taa ya chumbani inaonekana ya njano huku nje kukiwa kwa buluu. Ni picha bora kuliko zote hapa, na haina marudio. Mazoezi yafanyike saa kumi na moja, kila kitu kiwe mahali pake.

Ya tatu ni kuongeza taa ndani. Balbu ya LED ya wati 12 haishindani na jua. Unahitaji taa ya video ya wati 200 au zaidi, mita moja na nusu kutoka kwa mtu, iliyolainishwa kwa kitambaa cheupe.

Ya nne ni kupunguza dirisha kwa karatasi maalumu ya kijivu ya kubandika kwenye kioo. Ile ya 0.6 inapunguza stopu mbili, ya 0.9 stopu tatu. Ibandike bila mikunjo na uzime feni, kwani ikipepea kila mtu ataiona. Pazia jeupe jepesi ni la bei nafuu na linalainisha mwanga, ila linafuta kilichoko nje. Kama huhitaji kilichoko nje, anza na pazia.

Njia yoyote utakayochagua, funga kipimo cha mwanga. Kwenye simu nyingi ni kubonyeza na kushikilia skrini. Usipofunga, kila mtu akipita mbele ya dirisha picha nzima inafifia na kuwaka.

Nje kutazama ndani mchana, adui ni kioo kuakisi barabara, wewe na kamera yako. Kichujio cha poloraiza kinaondoa mng'ao vizuri zaidi ukisimama kwa pembe ya nyuzi 35 hivi kutoka kwenye uso wa kioo. Ukisimama uso kwa uso nacho hakisaidii kitu, na hata kikisaidia kinakula stopu moja na nusu au mbili. Bila kichujio, shika kitambaa cheusi nyuma yako kifunike kinachoakisiwa. Wavu wa mbu ni tatizo jingine: ukipigwa na jua unakuwa ukuta mweupe, ndani hakuonekani kabisa. Uondoe, au ungoje usiku. Kutoka ndani wavu huohuo karibu hauonekani, isipokuwa ukiulenga kwa bahati mbaya, ambapo vitundu vyake hutengeneza michirizi inayocheza kwenye picha.

Dirisha gani?

Ukiwa na nyumba kadhaa za kuchagulia, tazama madirisha kabla ya fanicha.

Dirisha la mbao la kufungua pande mbili ndilo la kwanza kwetu. Unaongeza na kupunguza mwanga kwa mkono, halina rangi, na likifunguliwa hakuna kioo cha kuakisi.

Luva zinafuata. Vioo vyake vya inchi nne au sita huinamishwa upendavyo, na jua la pembeni likipita hapo linachora mistari usoni. Kasoro yake ni sauti: hazizibi. Bodaboda na muadhini wataingia kwenye mahojiano yako, kwa hiyo maikrofoni ya kubana kwenye nguo ni lazima, na ratiba izingatie saa za swala.

Dirisha la alumini la kuteleza ni la mwisho, na ndilo lililo kila mahali. Vioo vyake vya tinti hupaka chumba buluu, kijani au kahawia. Usiiachie kamera ijipange rangi yenyewe. Weka karatasi nyeupe mahali uso utakapokuwa, pima rangi hapo, kisha funga. Kubwa zaidi, kwa kuwa linafunguka nusu tu, mwanga wa nusu iliyo wazi na wa nusu yenye tinti huangukia uso mmoja kwa rangi mbili, na hakuna uhariri utakaozitenganisha. Funga pazia upande wa tinti.

Nondo ni suala la maana kuliko la mwanga. Mtazamaji akiona uso nyuma ya nondo zinazoonekana wazi, anasoma jela papo hapo, hata kama hadithi ni ya bibi harusi mwenye furaha. Kama hutaki jela, ingiza lenzi ya simu katikati ya nondo, au tumia lenzi ndefu, 85 kwenye f/2, karibu kabisa na chuma mpaka ziyeyuke ziwe ukungu.

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zinastahili maneno yao, kwa kuwa zinapindua hesabu yote. Madirisha ya nje ni machache. Mwanga unashuka kutoka kiwandani, ule ua wa ndani, na vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Kila kimoja ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko. Ukisimama kiwandani ukitazama ndani unapata fremu ndani ya fremu bila kujenga chochote, na giza linaongezeka kila chumba. Mtu akikaa chumba cha pili, cha kwanza kinabaki kumzunguka kama ukingo. Ukisogea naye mpaka ndani umepoteza kilichokuleta, na mgongo wako umegonga ukuta. Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya mapambo, nao una miraba yake tayari. Simama sambamba nao hasa, na 4:3 itaupenda kuliko fremu nyingine yoyote.

Mtu akae wapi, na dirisha lielekee wapi

Akilielekea dirisha, kamera ikiwa imelipa mgongo, uso unawaka sawasawa na macho yanameta. Ni salama, ila picha ni bapa. Dirisha likiwa ubavuni, nyuzi 45 hadi 90, uso unapata umbo. Mweke umbali unaolingana na upana wa dirisha, na upande wa pili simamisha shuka jeupe au bodi nyeupe sentimita 60 hadi 100 kutoka shavuni. Angalia rangi ya ukuta: chumba cha kijani hurudisha kijani usoni. Zima taa za chumbani kama hazimo kwenye hadithi. Zikibaki, tumia shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa 50 Hz na kasi nyingine zitaleta mistari inayotembea.

Vitabu vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini kwa mwanga wake usiobadilika. Ushauri huo usiuhamishie huku. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua linapita kaskazini, na dirisha tulivu ni la kusini. Desemba na Januari jua linapita kusini, na dirisha tulivu ni la kaskazini. Adhuhuri jua liko juu mno kuingia ndani sana. Madirisha ya mashariki yana jua la moja kwa moja hadi saa nne hivi, ya magharibi kuanzia saa tisa.

Na kama chumba kina dirisha moja la tinti na mlango mmoja, acha dirisha. Fungua mlango, zima taa, mweke mtu kwenye kiti nusu mita ndani ya kizingiti, mwimo ukiwa ubavuni mwake, na upige wima au 4:3.